Mafundi Waliokuja Pajani Mwangu

Jumatatu, 21 Julai 2025

Nimechanika. Si suruali, msuli. Paja la kushoto, upande wa nyuma, kule ambako mtu hajioni bila kioo.

Ilikuwa hivi. Mazoezi ya ngoma yetu ya majembe, uani kwangu, Butimba, Mwanza. Jirani yangu Mashimba akachungulia juu ya ukuta, eti anatafuta kuku wake. Mashimba hafugi kuku! Nikaona nimwonyeshe ule mruko wa marehemu baba: jembe juu, miguu juu, unageuka hewani, unatua huku unatabasamu. Kupanda nilipanda vizuri sana. Nikiwa bado juu, paja likasema chaa! Kutua sikumbuki.

Daktari wa zahanati ameandika wiki sita za kupumzika. Nikamweleza kwamba mashindano ya ngoma ni Nane Nane, wiki mbili na siku nne tu. Akauliza nina umri gani. Hamsini na mbili. Akacheka mpaka akavua miwani.

Wala si jambo la kuchekesha. Kikundi changu ni Bagika, cha Mashimba ni Bagalu. Tunacheza saa zile zile, uwanja ule ule, kila upande na ngoma zake. Watazamaji wanachagua wenyewe pa kusimama. Muda ukiisha waamuzi wanahesabu watu. Mwenye watu wengi ndiye mshindi, basi. Tumeshindwa miaka mitatu mfululizo. Na mwaka jana, kwa mdomo wangu huu huu, mbele ya mashahidi tisa, niliapa kwamba tukishindwa mara ya nne, ngoma kubwa ya baba inahamia kwa Mashimba. Baba aliichonga kwa mkono wake, Misungwi, mwaka niliozaliwa. Mke wangu Suzana hakunisemesha siku nne.

Jioni Mashimba ameuliza kupitia ukutani mbona nachechemea. Nimemjibu huo ni mtindo mpya, siri ya kikundi. Nimemwona usoni, ameingiwa na hofu. Vizuri sana!

Jumatano, 23 Julai

Sijawahi kusikia habari ya namna hii tangu nizaliwe.

Kemilembe, mpangaji wetu wa chumba cha uani, Mhaya wa Bukoba, anasomea shahada ya tatu. Miaka miwili nilijua anasomea panya, maana hana mazungumzo mengine. Kumbe anasomea jinsi msuli unavyojiponya! Mtu yuko uani kwangu, na mimi kila siku namuuliza tu kama maji yametoka.

Ameniambia huku anamenya ndizi. Ndani ya mfupa kuna uboho. Ndani ya uboho kuna seli shina za damu, hizo ndizo zinazozaa damu yote, mamilioni kwa mamilioni, kila siku, mtu akiwa anapiga miayo. Msuli ukichanika unatoa taarifa. Watoto wa zile seli wanapanda damu, wanasafiri, wanashuka pale pale penye jeraha. Wa kwanza kufika wanakula vipande vilivyokufa. Wanaofuata wanatuliza hali na kuziamsha seli za msuli wenyewe, ambazo zimelala hapo miaka na miaka zikingoja siku kama hii. Hizo ndizo zinazojenga hasa. Halafu Kemilembe akashusha sauti, akaweka kisu chini. Mara chache, akasema, mara chache mno, mmoja wa wale waliokuja na damu haondoki. Anaingia ndani ya uzi wa msuli, anaungana nao, anakuwa msuli. Wataalamu bado wanabishana kama huyo mmoja anasaidia sana au kidogo. Lakini anaingia.

Nikamuuliza nani anawasimamia. Akasema hakuna. Nikamuuliza tena, taratibu, labda hakunielewa. Hakuna, Baba Precious.

Mimi ni msimamizi wa ujenzi, mwaka wa ishirini na sita huu. Fundi namjua. Fundi haji mpaka umpigie simu mara tano. Akija anaulizia chai. Ukigeuka kidogo umemkuta kalala juu ya mifuko ya saruji. Na hawa wanakuja wenyewe, gizani, bila ramani, bila chai, wanaanza na usafi! Hakuna fundi nchi hii anayeanza na usafi.

Nimekaa nalitazama paja nusu saa nzima. Suzana ameuliza natazama nini. Nimemwambia ashushe sauti, watu wako kazini.

Alhamisi, 24 Julai

Nimepata wazo. Kama mafundi wanatoka kwenye uboho, basi niongeze uboho!

Saa tatu asubuhi nilikuwa buchani kwa Chenge. Nimechagua mifupa ya mapaja ya ng'ombe tu, paja kwa paja. Chenge akauliza nina wageni. Nikamjibu ndiyo, wengi, na wako njiani. Nimechemsha mwenyewe, nimegonga mifupa, nimefyonza. Mabakuli sita. Mafuta yalikuwa yananing'inia kwenye sharubu.

Mchana wote niko chooni. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Paja limechanika. Sitaandika zaidi ya hapo.

Kemilembe alipopata habari alicheka mpaka akashika ukuta. Kasema tumbo halina adabu, linavunjavunja kila kinachoingia, seli ya ng'ombe haiwezi kufika pajani hai hata moja. Kisha akauliza ulimi wa ng'ombe nimeula mara ngapi maishani, na je, nimeshaanza kulia kama ng'ombe. Wahaya hawa! Wakisoma kidogo hawakamatiki.

Jumamosi, 26 Julai

Nimeona. Mimi, Nkwabi, nimeona kwa macho yangu.

Nilimsumbua Kemilembe tangu jana mpaka akakubali kunipeleka maabara. Tumekwenda na bajaji, nimelala kiti cha nyuma, mguu nje. Suzana anajua nilikwenda kusali.

Panya mwenyewe simjui, aliishi nchi ya mbali, kimeletwa kipande cha msuli wake kwenye kioo. Alitolewa uboho wake akapewa wa panya mwingine, ambaye seli zake zikimulikwa mwanga fulani zinang'aa kijani. Kwa hiyo chochote cha kijani utakachokiona mguuni kimetoka kwenye uboho. Hakuna ubishi. Werevu huo! Huyo aliyebuni hivyo ningemkabidhi stoo yangu yote.

Nikainamia hadubini. Giza tupu. Nikadhani nimetapeliwa. Kemilembe akazungusha kitu pembeni. Lo! Mungu wangu!

Nyuzi za msuli zimelala sambamba, zimenyooka, hakuna mjenzi wa Mwanza anayeweza kunyoosha hivyo hata umpe kamba. Katikati pamebomoka. Na pale palipobomoka, vidoa vya kijani, mamia, vimesongamana, kila kimoja kimetoka mfupani kikaja. Akasogeza kioo kidogo, akaniambia nitazame kulia. Uzi mmoja. Mmoja tu kati ya wote. Kijani kuanzia mwanzo hadi mwisho, umelala na wenzake, unafanya kazi ya wenzake, na ndani yake yumo aliyekuja kama mgeni.

Nimevua kofia. Sijui kwa nini. Mkono ulikwenda wenyewe.

Kemilembe ananiambia alipekua nyuzi zaidi ya elfu mbili kuupata huo. Siku alipouona alilia, akampigia mama yake huko Kamachumu kumweleza, na mama akauliza kama amekula. Nikamuuliza kama na mimi ninao uzi kama huo. Akasema labda, lakini hakuna njia ya kujua bila kukata. Nikamwambia akate! Akazima taa ya hadubini.

Machozi yalinitoka kwenye bajaji. Naandika kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Miaka hamsini na mbili nimejisifu kwamba kwangu hakuna kinachosogea bila mimi kukisukuma. Kumbe ndani yangu kazi inaendelea tangu siku ya kwanza na hakuna aliyewahi kuniomba hata ufunguo.

Ila nimegundua jambo. Wale mafundi wa kijani wamekwenda kwa wingi pale kwa sababu jeraha linawaita. Sasa hiyo si ngoma? Ngoma ikilia kwa nguvu, watu wanajaa. Ikilia kinyonge, watu wanakwenda kwa Mashimba. Nahisi jeraha langu linapiga kinyonge.

Jumapili, 27 Julai

Aibu. Aibu tupu.

Nilingoja Suzana aende misa ya pili. Nikachukua mchi wa kinu. Nikalaza paja juu ya kigoda. Nikalipiga. Mara ya kwanza kwa kubembeleza. Ya pili kwa imani. Ya tatu ndiyo iliyonishusha kwenye kigoda.

Yowe langu limemtoa Mashimba mpaka juu ya ukuta. Nikamwambia ni mazoezi ya sauti. Akaniangalia, akaangalia mchi, akashuka polepole.

Suzana karudi amenikuta chini. Mchi ameuchukua, ameuficha. Kisha akaja Kemilembe. Binti huyu hajawahi kunipita bila shikamoo. Leo hakuna shikamoo. Akasema wale wa usafi walikuwa karibu wanamaliza, waliofuata walikuwa wameanza kazi, na mimi nimewaangushia ukuta kichwani. Jeraha halihitaji kupigiwa kelele, linahitaji kuachwa. Akaingia chumbani kwake akafunga mlango.

Nimewaangushia ukuta mafundi wangu mwenyewe. Kwenye eneo la kazi ningemfukuza mtu kwa hilo. Nimeliomba paja msamaha, kwa sauti. Suzana alikuwa nyuma ya pazia, amesikia, hakucheka. Ameniletea uji.

Ijumaa, 1 Agosti

Siku ya tano nimekaa tu. Nimekaa! Hata kikundi kinashangaa.

Paja lilikuwa jeusi. Jumatano likawa la zambarau. Leo pembeni limeingia kijani. Kijani! Nimemwita Kemilembe kwa kelele, nikijua uzi wangu umeonekana. Amesema hapana, baba, seli za binadamu haziwaki. Ni damu iliyomwagika inavunjwavunjwa, na wanaoivunja ni wale wale wa usafi. Kesho itakuwa njano, kisha itafutika.

Kwa hiyo naiona kazi yao! Nimechora alama ya kalamu kuzunguka doa ili nijue wamefika wapi. Naamka, nawasalimia, natazama. Wamesogea upana wa kidole. Hakuna aliyewaagiza. Nashikwa na kitu kifuani, si huzuni, sijui kinaitwaje. Nimemwambia Suzana kwamba na yeye anao, ndani ya kila mfupa, tangu akiwa msichana. Akajitazama mikono, akasema ndiyo maana alipojifungua Precious aliinuka mapema vile.

Habari mbaya. Jioni nimepanda kigoda kuchungulia kwa Mashimba. Wanaume kumi na wawili, wazima kabisa, wanachechemea! Kwa mpigo! Mguu wa kushoto unaburuzwa, jembe linashuka, mabega yanajibu. Wameniibia kilema changu.

Na kinapendeza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jumatano, 6 Agosti

Kikao cha kikundi. Wamekata shauri nikae kwenye kigoda nipige ngoma ya baba, nisicheze. Nimegoma, nimebembelezwa, nimekubali. Suzana ameniapisha, mkono wangu juu ya ngoma yenyewe, kwamba sitaruka.

Kemilembe amelibonyeza paja hapa na pale. Anasema limeshikana ila bado changa. Nikamwambia naelewa, ni zege. Zege hulipandi kabla ya siku ishirini na nane hata kama juu limekauka. Akafurahi, akasema hajapata mwanafunzi mwepesi kama mimi. Shikamoo imerudi.

Siku ishirini na nane. Hesabu hiyo nimefundisha vijana wangapi!

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Naandika kwa tabu, nimelala kifudifudi. Niandike yote kabla sijasahau.

Uwanja ulikuwa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, juu ya kituo cha kivuko. Kila kivuko kilipotia nanga watu walipanda kilima, wakasimama, wakasikiliza, wakachagua. Mwanzoni tuligawana. Nilipiga ngoma ya baba mpaka mikono ikawaka moto. Kisha Mashimba akatoa mtindo wa kuchechemea.

Watu walipiga kelele hizo! Walihama kwetu mmoja mmoja, halafu kumi kumi. Kivuko kilichofuata kilikwenda chote kwake. Tukabaki na watu kumi na tisa, mmoja wao Suzana, mwingine Kemilembe, na mmoja alikuwa amelala. Waamuzi wakatangaza robo saa imebaki. Nikaitazama ngoma ya baba. Nikaiona imekaa sebuleni kwa Mashimba, imewekewa kitambaa na televisheni juu yake.

Nilisahau zege. Nilisahau kiapo. Nikanyakua jembe, nikaruka.

Nilipanda kumpita hata baba. Nikageuka hewani, nikaliona ziwa lote chini yangu, nikakumbuka paja la kushoto ni changa, nikalihurumia, nikatua kwa la kulia. Likasema chaa!

Sasa hapa ndipo. Nimelala chini, naona miguu inakuja. Kwanza wanawake wawili wa upande wetu, wakaondoa jembe, wakaondoa kigoda, wakafagia mawe kwa mikono. Usafi kwanza! Wakaja wa maji, wakaja wa kupepea, wakaja wenye ushauri. Wengine hawakuwa na kazi yoyote, walikuja tu na kusongamana. Nikasikia ngoma za Bagalu zinanyamaza. Mashimba alitupa jembe lake, akaja anakimbia, miguu yote miwili mizima, akapasua watu, akapiga magoti, akanikumbatia mabega. Watu wake wote wakamfuata. Wapiga ngoma wake wakafuata. Uwanja wa Bagalu ukabaki vumbi na majembe.

Aliniuliza inauma wapi. Kisha akaniambia sikioni kwamba baba yangu alimfundisha na yeye huo mruko, wakiwa wanachunga, na mzee mwenyewe hakuwahi kutua vizuri hata siku moja. Tabasamu lile lilikuwa maumivu. Miaka yote hii sikujua.

Nikawa nalia na kucheka. Juu yangu nyuso, mamia, zimetoka Mwanza, zimetoka Sengerema, hakuna aliyeziita kwa jina. Na Mgalu mmoja katikati ya Bagika, amenishika, haondoki. Nikageuza shingo nimtafute Kemilembe. Alikuwa ananitazama mimi na Mashimba, mkono mdomoni, macho yamejaa maji. Naye ameona.

Muda ukaisha. Waamuzi ni watu wa kanuni. Upande wa Bagalu: mtu mmoja, yule aliyekuwa amelala, sijui alihamia lini. Upande wa Bagika: wengine wote, na Mashimba mwenyewe kahesabiwa.

Tumeshinda. Ngoma ya baba imerudi na kivuko, mimi nimelazwa pembeni yake. Ameibeba Mashimba.

Jumapili, 10 Agosti

Nipo kitandani. Daktari wa zahanati ameandika wiki sita tena, mguu mwingine. Safari hii alivua miwani kabla ya kuanza kucheka.

Kemilembe amelipima paja la kushoto. Limehimili! Siku kumi na nane, pigo la mchi likiwamo, na bado limeshika wakati wa mruko. Ameshangaa mwenyewe, ameandika kwenye daftari lake. Nimewashukuru wahusika. Huyo mmoja wa kijani, kama yumo, nimemshukuru peke yake.

Suzana hasemi nami kwa sababu ya kiapo. Ila uji unaletwa.

Mchana amekuja Mashimba, kupitia mlangoni, si ukutani. Tumeongea habari za baba saa nzima. Alipoinuka kuaga akasema, kwa utani tu, kwamba mwakani atafunga watu wake kamba miguuni wasihame. Nikamwambia hata awafunge kwa mnyororo hatanishinda. Akauliza nina uhakika kiasi gani. Kwa bahati uani kulikuwa na wanakikundi, na Chenge, na wengine, mashahidi kumi na mmoja. Nimeapa. Ngoma ya baba. Suzana alikuwa jikoni, sufuria imeanguka.

Sina wasiwasi. Mbinu sasa naijua: unaanguka, wanakuja. Mwakani nianguke mapema kidogo ili watu wa kivuko cha mwisho wapate nafasi nzuri.

Jambo moja tu linanisumbua. Mafundi wamefanya kazi pajani kushoto karibu wiki tatu, wameizoea njia ya huko. Je, watajua nimehamia kulia? Tangu asubuhi namuuliza Suzana mchi kauficha wapi. Safari hii nitagonga taratibu tu, mara moja, wajue nimehama.